Thamani ya Bunduki ya Mzee Mbaruku

Munira alikuwa mthamini wa viwanja na majengo, na kwa kazi hiyo hakuwa mbaya. Ungempeleka Nzuguni, pembeni mwa Dodoma, kwenye nyumba isiyokwisha, kuta zimesimama na bati hakuna, mwenyewe anaapa kwamba amezika humo fedha za maisha yake yote, Munira angezunguka, angepima, angeuliza maji yanatoka wapi, na kabla ya chai ya saa nne angekuwa na namba ambayo hata benki ingeikubali. Tatizo lake lilikuwa moja. Neno "sijui" lilimkwama kooni. Maana yake aliifahamu vizuri, kulitamka ndiko kulikomshinda.

Kwao Kondoa hawakumsaidia. Wao walisikia "mthamini" wakaelewa mtu anayejua bei, basi. Alikwisha kuulizwa kwa simu bei ya mbuzi wa akika, bei ya cherehani ya mtumba, na safari moja baba yake mdogo, Nurdini, alitaka kujua kama mahari aliyotajiwa kwa ajili ya mwanawe ilikuwa ya haki. Yote aliyajibu. Kwenye mbuzi alikosea kidogo. Kwenye mahari alikosea sana, ila harusi ilifungwa na watu wakala pilau, na hakuna aliyerudi kumdai maelezo.

Kwa hiyo shangazi yake Sikudhani alipopiga simu mchana mmoja, Munira alipokea akiwa ameshajiandaa kujua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mama. Sikiliza, tunataka kugawana mirathi. Nyumba tunajua bei yake, shamba tunajua, tumezaliwa hapa. Kinachotusumbua ni ile bunduki ya baba. Wewe unaweza kutuambia ina thamani gani?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angesema kwamba yeye anathamini nyumba.

"Naweza," alisema Munira. "Ila inabidi niione."

Mzee Mbaruku, babu yake, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka. Aliacha watoto watatu: Hamidu, baba yake Munira, kisha Sikudhani, na Nurdini kitinda mimba. Aliacha nyumba yenye fremu za duka karibu na soko, aliacha shamba la bondeni ambalo Hamidu alikuwa akililima alizeti na mbaazi tangu ujana wake, na aliacha bunduki. Bunduki yenyewe alikuwa ameinunua zamani kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, na aliimiliki kwa leseni mpaka mwisho wake. Haikuwa kama bunduki nyingine. Chini ya kifyatuo ilikuwa na mkono wa chuma wenye tundu la kuingiza vidole. Ukiusukuma chini, ganda linaruka nje; ukiurudisha, risasi nyingine imeshakaa. Watu wa mtaani waliiita bunduki ya kauboi, kwa sababu ndivyo walivyoiona kwenye sinema. Babu alipofariki ilipelekwa kituo cha polisi, kama sheria inavyotaka, ikakaa huko ikisubiri mrithi mwenye kibali.

Munira alianza kusoma. Kila saa ya chakula cha mchana ofisini alikaa na simu na sahani ya wali, akiwatazama wazee wa Kimarekani wenye masharubu meupe wakizigeuzageuza bunduki za namna hiyo juu ya vitambaa vya kijani. Alijifunza kwamba wakusanyaji wanahesabu asilimia ya rangi ya kiwandani iliyobaki kwenye chuma. Alijifunza kwamba namba iliyogongwa chini inaonyesha mwaka wa kutengenezwa, na kwamba mtutu wa pembe nane unapendwa kuliko wa mviringo. Alifurahi sana kugundua kwamba kumbe ni kama nyumba tu: umri, hali, na wangapi wanaitaka.

"Wewe na bunduki wapi na wapi?" aliuliza Hilda, aliyekaa naye meza moja.

"Misingi ya uthamini haibadiliki," Munira alimjibu, na sauti aliyotumia ilikuwa ya mtu anayehojiwa redioni.

Video aliyoipenda zaidi ilikuwa na sehemu ya pili, iliyohusu jinsi ya kutambua bunduki iliyokwisha kuguswa na fundi. Ilikuwa ndefu. Munira alijiambia ataitazama baadaye.

Siku ya kuithamini, familia nzima ilikutana kituoni. Koplo Filipo, aliyekuwa akitunza ghala la silaha, aliitoa bunduki, akaikagua kuhakikisha haina kitu ndani, akailaza juu ya meza. Hamidu alisimama karibu na dirisha akiwa amevaa kanzu yake nzuri, kana kwamba wamekuja kuposa. Alikuwa amewaambia watu watatu njiani kwamba mwanawe ametoka Dodoma kwa kazi maalumu.

Munira alifungua mkoba. Alivaa glovu. Wazee wa kwenye video walivaa za pamba nyeupe, yeye alikuwa amekosa za pamba, akanunua za mpira kwenye duka la dawa, zile za kupokelea watoto. Alitoa kioo cha kukuza alichoazima kwa fundi saa. Alitoa na futi ya utepe, ingawa hakuwa na uhakika anataka kupima nini. Alipima hata hivyo. Alipima urefu, akaguna. Akapima tena palepale, akaguna kwa namna tofauti.

"Pembe nane," alisema akiushika mtutu.

"Pembe nane," Koplo Filipo alirudia kwa heshima, akamgeukia Nurdini ili naye asikie.

Munira alisoma namba ya chini, akaiingiza kwenye simu, na simu ikampa mwaka wa zamani sana, kabla ya vita ya kwanza ya dunia. Kisha akakiinamia kitako cha mti. Kiling'aa kama maji.

"Tazameni mng'ao huu," alisema. "Umri wote huo, na mti uko hivi. Hii hali mnaiona mara chache sana."

"Huo mng'ao, mama," alianza Hamidu kule dirishani, "huo ni..."

"Baba, subiri kidogo," alisema Munira, akainua kidole kimoja chenye glovu.

Hamidu akasubiri.

Munira alifanya hesabu kichwani, au tuseme alinyamaza kwa muda ambao hesabu ingechukua. Ukweli ni kwamba namba alikuwa nayo tangu Dodoma. Aliiona kwenye mnada mmoja wa mtandaoni, bunduki ikifanana na hii kama pacha, kwa mtu anayetazama pacha kwa mbali.

"Dola elfu kumi na nane," alisema.

Koplo Filipo alipiga mluzi, akaomba radhi kwa kupiga mluzi. Nurdini alitoa simu akabadilisha dola kuwa shilingi, akafuta, akabadilisha tena. Milioni arobaini na tano na zaidi. Shamba la bondeni lenyewe halikufika hapo.

"Na mnunuzi?" aliuliza Sikudhani.

"Shangazi, soko la wakusanyaji ni la dunia nzima," alisema Munira huku akivua glovu kidole kimoja kimoja. Katika siku zilizofuata, kila alipoikumbuka sentensi hiyo na vile vidole, alitafuta kitu cha kujifunika uso.

Lakini siku hiyo alirudi Dodoma akiwa amependeza nafsini mwake. Hata Koplo Filipo, wakati wa kuirudisha bunduki ghalani, aliibeba kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa kichanga.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, ndugu walikaa kikao cha mgawanyo. Jioni Sikudhani akapiga simu.

"Tumemaliza, alhamdulillahi. Hakuna aliyenuna. Nurdini kachukua nyumba na kipande cha shamba. Mimi nimechukua shamba lililobaki."

"Na baba?"

"Baba yako kapata bunduki."

"Bunduki na nini?"

"Na nini tena? Kwa bei uliyotaja wewe, fungu lake ndiyo hiyohiyo imelijaza. Tena nusura sisi ndio tupunjike, ikabidi tuangalie hesabu mara mbili."

Munira alimshukuru, alimtakia usiku mwema ingawa jua lilikuwa bado halijazama, akampigia baba yake.

"Baba, shamba umewaachia?"

"Wamelichukua kwa haki yao. Mimi nimepata kikubwa zaidi, si ndivyo ulivyosema?"

"Lakini wewe unaishi kwa lile shamba, baba. Mbona hukukataa?"

Nyuma ya Hamidu walisikika kuku.

"Ningesemaje, mama? Nisimame mbele ya watu niseme mwanangu hajui kazi yake?"

Usiku ule Munira hakuwa na raha ya chakula wala ya kitanda. Asubuhi alijituliza kwa njia ya kitaalamu: kama bunduki ina thamani ya milioni arobaini na tano, basi iuzwe, na baba anunue shamba jingine, kubwa zaidi. Ni kutafuta mnunuzi tu. Akaingia kwenye ukumbi mmoja wa mtandaoni wa wakusanyaji wa bunduki hizo, akaweka picha alizopiga kituoni, akaandika kwa Kiingereza cha ripoti kwamba anawakilisha familia yenye kifaa adimu katika hali bora.

Majibu yalikuja kwa upole, na upole ndio uliomuumiza. Mmoja alisema bunduki ni nzuri, ina historia, hongera. Wa pili alisema kitako si cha kwake, hata mti wenyewe si wa kule ilikotengenezwa. Wa tatu aliuliza ni nani aliyeupaka rangi upya mtutu, na alitumia nini. Wa nne akataka kujua kwa nini bunduki imepakwa vanishi ya meza ya chakula. Mzee mmoja, mwenye masharubu kama wale wa kwenye video, alimweleza kwamba kwa mkusanyaji kila kilichobadilishwa kinaondoa thamani, na kwamba hii ilikuwa imebadilishwa karibu yote. Kwa kutundika ukutani, aliandika, labda dola mia tatu. Mia nne kama mwenye ukuta ana moyo mzuri.

Ndipo Munira akaitazama sehemu ya pili ya ile video. Ilieleza yote hayo, kwa utaratibu, na kwa michoro.

Kilichomuua kabisa hakikuwa hata vanishi. Kwenye kila ripoti aliyowahi kutia sahihi, ukurasa wa pili, kulikuwa na sentensi aliyoikariri tangu mwaka wa kwanza chuoni: thamani ya soko ni bei kati ya mnunuzi aliye tayari na muuzaji aliye tayari. Alikuwa ameiandika hata juzi, kwa nyumba ya mtu Nzuguni. Sasa, Kondoa nzima ilikuwa na wanunuzi wangapi walio tayari, wenye kibali cha silaha, na wenye hamu ya bunduki ambayo risasi zake hazijaonekana dukani tangu babu akiwa kijana? Na kuitoa nje ya nchi ilihitaji vibali vya serikali mbili na gharama inayozidi bunduki yenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo bila glovu.

Alimweleza Hilda. Hilda alicheka mpaka akafuta macho, kisha akampa ushauri.

"Usiseme umekosea. Sema soko limeshuka."

Ushauri ulimkaa vizuri. Alifanya mazoezi mbele ya kioo. "Soko la dunia limeyumba." "Kutokana na hali ya dunia, wakusanyaji wamejiondoa." Aliona anasema vizuri, na akajiona vilevile kwenye kioo, akiinua kidole. Akakishusha.

Wikiendi alikuwa Kondoa, sebuleni kwa babu, watu wote watatu wameketi. Sikudhani alikuwa ameandaa chai ya maziwa na maandazi.

"Shangazi, baba, baba mdogo," alianza. "Nimekuja kwa habari ya bunduki. Kama mnavyojua, soko la dunia..."

Hapo alimtazama baba yake. Hamidu alikuwa akitikisa kichwa taratibu kukubali, kabla hata hajasikia soko la dunia limefanya nini. Lingepanda angekubali, lingeshuka angekubali.

"Hakuna soko la dunia," alisema Munira. "Nilikosea. Mimi bunduki sizijui. Sijawahi kuzijua."

Nurdini aliweka andazi chini.

"Huzijui?" aliuliza Sikudhani.

"Sizijui, shangazi."

"Na zile glovu?"

"Za duka la dawa."

"Ulipima na futi!"

"Nilipima. Sijui nilikuwa napima nini."

Akawaeleza yote: wazee wa mtandaoni, kitako kisicho cha kwake, mtutu uliopakwa, vanishi ya meza ya chakula. Alipofika kwenye vanishi, Hamidu alikohoa.

"Hiyo niliipaka mimi," alisema. "Marehemu alianguka nayo korongoni akifukuza ngiri, kitako kikapasuka. Nikamchongea kingine cha mninga. Vanishi mikono miwili, na mtutu nikaupitisha rangi ili ufanane. Nilitaka kukwambia siku ile kituoni."

"Sasa baba, kwa nini hukusema?"

"Si uliniambia nisubiri? Nilikuwa nasubiri."

Nurdini ndiye aliyeanza kucheka, akamwambukiza Hamidu. Sikudhani hakucheka. Alikuwa ameshazungumza na mfanyabiashara wa alizeti kuhusu kumkodisha sehemu yake ya shamba, na alikuwa ameshaanza kuona magunia yake. Alimwaga chai iliyopoa, akamimina nyingine, hakumpa mtu.

"Mimi ile namba niliishangaa," alisema mwishowe. "Nikasema moyoni, labda Dodoma bei ziko hivyo siku hizi, kila kitu kimepanda. Na nikuambie kweli, sikutaka kuuliza zaidi. Shamba lilikuwa linakuja kwangu, nimuulize nani?"

"Shangazi, naomba mnisamehe."

"Kusamehe nitasamehe. Lakini hutaondoka hapa na maneno matupu." Aliinuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Sisi tumekuwa tukitaja bei ya shamba na nyumba kwa kubahatisha. Hiyo si ndiyo kazi yako unayoijua? Kesho utalipima shamba lote, na nyumba, kama unavyowapimia watu wa Dodoma, na hulipwi hata nauli. Halafu tunagawana upya."

Nurdini alitaka kupinga, maana alikuwa ameshapaka rangi fremu mbili. Dada yake alimtazama tu, Nurdini akalichukua tena andazi lake.

Asubuhi walishuka bondeni mapema, kabla ya jua kuwa kali. Munira alishika upande mmoja wa futi ndefu, Sikudhani upande wa pili, Hamidu akitangulia kuonyesha mipaka. Shangazi alikuwa na tabia ya kuuvuta utepe kuelekea alikotaka mpaka uwe.

"Shangazi, uachie kidogo."

"Mpaka uko hapa. Marehemu aliniambia mwenyewe."

"Mpaka uko kwenye ule mkonge, Sikudhani," alisema Hamidu, "na wewe ndiye uliyeupanda."

Waligombana kwenye kila kona. Munira aliuchimba udongo kwa fimbo, akauliza mto unapanda mpaka wapi wakati wa masika, akauliza jirani aliuza kwa kiasi gani na lini. Alipigwa na jua, miiba ilimng'ang'ania sketi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alijiona mtu anayejua anachokifanya, jambo ambalo lilimtia aibu zaidi, kwa kuwa kazi hiyo alikuwa anaijua muda wote huo na akaenda kushika bunduki. Alipofika nyumbani aliandika kila kitu kwa utaratibu, akamsomea kila mmoja, na pale alipokuwa na shaka alisema ana shaka. Neno hilo lilitoka kwa tabu, kama kutema mwiba wa samaki.

"Na bunduki?" aliuliza Nurdini. "Tuiandikie nini?"

"Iandike sifuri," alisema Sikudhani.

"Kitaalamu, shangazi, huwa hatuandiki sifuri, tunaandika kwamba thamani yake haiwezi..."

"Munira."

"Sifuri, shangazi."

Kwa mgawanyo mpya, Nurdini alibaki na nyumba, akamwachia dada yake kodi ya fremu moja ili mafungu yalingane. Hamidu alirudishiwa sehemu kubwa ya shamba, ile ya karibu na maji. Sikudhani alipata kipande cha juu, na baada ya yule mtu wa alizeti kuona udongo wake na kubadili mawazo, aliamua kumpa Hamidu alime, wagawane mavuno. Hamidu alifurahi mpaka akasahau kuficha furaha yake. Bunduki iliachwa kwa Nurdini aiombee kibali, kwa sababu ngiri walikuwa wameanza tena kushuka mashambani, ingawa hakuna aliyejua risasi zitatoka wapi. Kituoni walimpa fomu, wakamwambia arudi wiki ijayo, na wiki hiyo wakamwambia ijayo tena.

Msimu ule mbaazi zilikubali. Munira alitumiwa gunia moja Dodoma, na shangazi aliyelituma hakumuuliza lina thamani gani.